Je, Ni Haki Kufumua Alichosuka Mtoto?

Mama yangu husuka mikeka ya ukindu. Nyumbani kwetu ni Masinya, katika wilaya ya Busia, upande wa Uganda. Mikeka hiyo huuzwa mjini Busia, na wanunuzi wake wengi hutoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya. Mdogo wangu wa kike alipokuwa na umri wa miaka 6 alipenda sana kukaa karibu na mama na kusuka naye. Mama alimpa ncha ya ukili, naye akaiendeleza kwa vidole vyake vidogo mpaka jua likatua. Usiku, mtoto akishalala, mama alifumua sehemu yote aliyosuka mtoto na kuisuka upya. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 14. Kazi yangu ilikuwa kushika taa.

Katika insha hii nataka kuuliza swali moja: je, mama alifanya haki? Si swali kubwa kama vita au rushwa, ambayo ndiyo hujaza insha nyingi za maadili. Hata hivyo, naamini kwamba watu wengi hujifunza ukweli na uongo mara ya kwanza wakiwa wameketi chini karibu na mtu mzima anayefanya kazi. Kwa hiyo swali hili linastahili kufikiriwa kwa makini.

Kwanza nimtetee mama, kwa sababu anastahili kutetewa. Mkeka wa ukindu hausukwi kwa mara moja. Msukaji huchana majani ya mkindu kuwa chane nyembamba, baadhi akazichemsha katika rangi, kisha akasuka utepe mrefu uitwao ukili. Ukili ukifika urefu unaotakiwa, huzungushwa na kushonwa ukingo kwa ukingo mpaka uwe mkeka. Upana wa ukili ukibadilika, au sehemu moja ikilegea na nyingine ikakaza, kosa halibaki mahali pake. Mkeka mzima huvimba katikati na hautandikiki sawasawa. Mnunuzi hutambua mara tu anapoutandaza chini. Tena siku hizi ana njia nyingine: anaweza kuvuka barabara na kununua mkeka wa plastiki, ambao umenyooka na una rangi kali. Pesa ya mkeka kwetu ilikuwa ya chumvi, sabuni na ada ya shule. Shubiri mbili zilizolegea zingeweza kupoteza kazi ya majuma mawili.

Kwa hiyo mama alikuwa na njia tatu. Angeweza kumkataza mtoto asiguse ukili. Angeweza kuacha kazi ya mtoto ilivyo na kukosa mnunuzi. Au angeweza kufanya alivyofanya: kumwacha mtoto afurahi mchana, kisha kurekebisha usiku. Njia ya tatu yaonekana kuwa ya upendo na ya busara. Mtoto hakuumia, mkeka ukauzwa, na aliyelipa gharama ni mama peke yake, kwa usingizi wake.

Lakini mtoto aliumia. Siku moja aliomba chane moja ya zambarau iliyobaki kutoka mkeka mwingine, akaiingiza katika sehemu yake. Asubuhi akauliza, "Mama, zambarau yangu iko wapi?" Mama akamjibu, "Imo ndani, mwanangu. Mkeka ni mkubwa. Utaiona ukishashonwa." Mtoto akangoja. Mkeka uliposhonwa na kutandazwa uani, alipiga magoti akaupitia mstari kwa mstari, kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine. Hakusema kitu. Jioni aliiona chane yake ya zambarau jikoni, katika mabaki ya kuwashia moto.

Nilitarajia alie. Hakulia. Siku chache baadaye mama alipompa ncha ya ukili, aliirudisha akasema, "Suka wewe, mama. Mimi nikisuka, wewe unasuka mara mbili." Tangu siku hiyo hakusuka tena.

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike insha hii. Mtoto hakumshtaki mama kwa uongo. Alihesabu tu, akaona kwamba mkono wake ni hasara kwa mtu anayempenda, akauondoa.

Wanafalsafa wamebishana kwa muda mrefu kuhusu uongo wenye nia njema. Plato, katika kitabu chake cha Jamhuri, alikubali kwamba watawala wanaweza kuwaambia raia uongo kwa faida ya mji. Kant, katika insha ya mwaka 1797, alikataa kabisa. Alishikilia kwamba hata muuaji akija mlangoni kuuliza kama rafiki yako yumo ndani, huna haki ya kumdanganya. Wasomaji wengi humwona Kant kuwa mkali kupita kiasi, nami ni mmoja wao. Muuaji anataka kuutumia ukweli kufanya uovu. Lakini mtoto wa miaka 6 anayeuliza zambarau yake iko wapi hana nia mbaya yoyote. Anauliza juu ya kazi ya mikono yake mwenyewe. Kama kuna mtu mwenye haki ya kujua kazi hiyo ilivyo, ni yeye.

Hapa ndipo ninapoliona kosa. Aristotle alifundisha kwamba watu huwa wajenzi kwa kujenga, na vivyo hivyo huwa wenye haki kwa kutenda haki. Wahenga wetu walisema jambo la karibu na hilo kwa maneno mengine: samaki mkunje angali mbichi. Lakini mazoezi humfundisha mtu pale tu anapoona matokeo yake. Anayepiga tofali bovu na kuliona limepasuka amejifunza. Anayepiga tofali bovu, kisha usiku mtu mwingine akaliondoa na kuweka zuri mahali pake, hajajifunza kitu, hata akipiga matofali mwaka mzima. Mdogo wangu alisuka kwa miezi kadhaa, na vidole vyake havikupata hata mara moja habari kwamba vinalegeza. Mama alidhani anamwondolea mtoto aibu. Kumbe pamoja na aibu alimwondolea na somo.

Kuna desturi nyingine inayofanana na hii, ingawa yaonekana kuwa kinyume chake. Nina binamu wanaosoma upande wa Kenya, ambako mtaala wa umilisi ulianza kutekelezwa katika madarasa ya mwanzo mwaka 2019. Mtaala huo unataka mtoto atende na aunde vitu kwa mikono yake, na wazazi washiriki. Nia yake ni nzuri, na haiko mbali na yale Mwalimu Nyerere aliyoandika mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, kwamba kabla ya shule za kikoloni watoto wa Afrika walijifunza kwa kuishi na kutenda. Lakini tunajua yanayotokea katika nyumba nyingi. Shangazi yangu aliwahi kukesha akisuka kikapu kizima ili binamu yangu akipeleke darasani kama kazi yake. Nyumbani kwetu mtu mzima aliifuta kazi ya mtoto. Nyumbani kwa shangazi mtu mzima aliiweka kazi yake chini ya jina la mtoto. Katika nyumba zote mbili mambo yalifanyika usiku, na kulipokucha mkono halisi wa mtoto haukuonekana popote.

Msomaji anaweza kutoa pingamizi la kwanza: mtoto wa miaka 6 alikuwa anacheza tu, na mchezo hauhitaji ukweli. Nakubali kwamba mchezo ni haki ya mtoto. Watoto wa kwetu hutengeneza mpira kwa majani makavu ya mgomba na ng'ombe kwa udongo wa mfinyanzi, wala hakuna anayedanganywa. Kila mtoto anajua kwamba ng'ombe yule hatatoa maziwa. Mama angempa mdogo wangu mabaki ya chane na kumwambia, "Haya ni yako ya kuchezea," pasingekuwa na kosa lolote. Kosa lilikuja alipompa ukili wa sokoni na kumwambia kwamba wanafanya kazi pamoja. Mtoto aliamini kwamba yumo katika mkeka. Ndiyo maana aliutafuta mchango wake mstari kwa mstari.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na lilitoka kwa mama mwenyewe. Likizo iliyopita nilimuuliza kwa nini hakumwambia mtoto ukweli. Alinyamaza kidogo, kisha akanieleza jinsi alivyofundishwa yeye. Nyanya yangu hakuficha kosa hata siku moja. Ukili ukilegea, alimpiga mtoto kwenye vidole na kusema neno moja, "Fumua," mbele ya yeyote aliyekuwapo. "Nilijifunza kusuka," mama aliniambia, "lakini mpaka leo nikisikia mtu anapita nyuma yangu nikiwa na ukili, vidole vinakaza. Nilitaka mwanangu asuke bila hofu hiyo."

Jibu hilo lilinifanya nifikiri upya. Nilikuwa tayari kuandika kwamba ukweli ni bora kuliko uongo, nikaishia hapo. Lakini nyanya alisema kweli, na kweli yake ilimjeruhi mama; mama naye akalikwepa jeraha hilo kwa uongo, na uongo ukamjeruhi mdogo wangu. Kama ukweli peke yake ungetosha, nyanya angekuwa mwalimu bora kuliko wote.

Msimamo wangu sasa ni huu. Kufumua si kosa. Kazi isiyofaa hufumuliwa, na msukaji hodari hufumua ya kwake kila siku. Makosa yalikuwa mawili, na kila mzee alilikwepa moja akaangukia la pili. Nyanya alifumua mchana, lakini alimtenga mtoto na kosa lake, kana kwamba kulegeza ni tabia mbaya. Mama alikuwa mpole, lakini alifumua gizani, akabaki peke yake na kosa ambalo lilikuwa la mtoto. Haki, nionavyo mimi, ni kufumua mchana, pamoja na mtoto, kwa mikono minne: "Hapa pamelegea. Shika ncha hii, tuirudie." Mtoto anaona kwamba kosa lipo, na kwamba mtu mzima hakukimbia wala hakukasirika. Tena anaona ukili ukinyooka naye akiwa ameushika.

Najua njia hii ina gharama. Kufumua na mtoto huchukua muda mara tatu ya kufumua peke yako, na mtu anayesuka ili apate ada hana muda wa kuchezea. Sitaki kuwahukumu akina mama kutoka kwenye kiti cha chuo ambacho mikeka yao ndiyo iliyokilipia. Wakati mwingine jibu la haki litakuwa, "Leo hapana, mwanangu, mkeka huu unangojewa sokoni. Kesho nitakupa mabaki." Kukataa huko kunauma kidogo, lakini mtoto anaweza kukuelewa na kukuamini. Kumkubalia kisha kumfuta kunauma baadaye, tena mahali ambapo mzazi haoni.

Nasema pia juu yangu mwenyewe. Nilishika taa. Nilijua, na mdogo wangu alipopiga magoti juu ya mkeka nilikuwa nimesimama uani nikimtazama. Ningeweza kumwita pembeni na kumweleza kwa upole. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani jambo lenyewe ni dogo.

Mdogo wangu sasa ana miaka 11. Hasuki. Nyumbani kuna kitinda mimba wetu mwenye umri wa miaka 4, na mama amebadilisha mwendo. Humpa chane fupi zilizobaki, akalegeza, wakafumua pamoja, akalegeza tena. Likizo iliyopita mdogo wangu alikuwa ameketi mlangoni akiwatazama. Mama alimnyooshea ncha ya ukili. Hakuipokea, lakini hakuondoka.

Wengi wetu tunaosoma Kiswahili tutakuwa walimu, na karibu sote tutakuwa wazazi. Tutapewa kazi nyingi zilizolegea: insha, vikapu, hesabu, mistari ya ukili. Tutajaribiwa ama kupiga vidole ama kurekebisha usiku. Tukumbuke kwamba mtoto naye huhesabu, na akiona kwamba kazi yake inatugharimu kwa siri, anaweza kuacha kabisa kuifanya.