Shilingi ya Kumi na Moja

Masomo: Luka 15:8–10, Mhubiri 5:10, Marko 12:41–44

Kwa wale ambao Jumapili hamkufika, iwe ni kwa mvua ama kwa sababu zenu wenyewe, haya ndiyo tuliyojifunza. Nimeyapanua kidogo, maana baada ya ibada wengi mlinisimamisha mlangoni na maswali, na mengine sikuyajibu vizuri kwa sababu ya kelele.

Mama wa Luka 15 tunamjua sote. Alikuwa na sarafu kumi, moja ikapotea. Kigiriki kinaitaja drakma, ambayo ilikuwa karibu ujira wa kibarua wa siku moja. Biblia yetu ya Union inaiita shilingi, na mimi nawashukuru waliotafsiri hivyo, maana shilingi hata mtoto wa shule ya Jumapili anaijua. Sasa hebu fuata hesabu za mama huyu polepole. Alikuwa na kumi. Ikapotea moja. Akawasha taa, akafagia, akaipata. Kisha akaacha kutafuta, akaita majirani wafurahi naye. Taa ikazimwa, ufagio ukarudi mahali pake. Luka haandiki popote kwamba usiku ule mama aliinama tena chini ya kitanda kutafuta shilingi ya kumi na moja.

Mwambie jirani yako: aliacha kutafuta!

Nimelileta neno hili kwa sababu ya ndugu mmoja wa kanisa hili. Amenipa ruhusa kusimulia, mradi nisimtaje jina, na mkewe pia amekubali. Kabla hajapewa usukani alikuwa makanga wa matatu za Njoro. Mikono ya makanga inapitisha sarafu kutwa nzima, na yeye hakuwa akizitazama zaidi ya kuhesabu chenji. Kisha Desemba 2018 Benki Kuu ikatoa sarafu mpya za wanyama: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Mnakumbuka sababu. Katiba ya 2010 ilikataza pesa zetu kuwa na picha ya mtu yeyote. Ndugu yetu akaanza kuweka kando zile za zamani zenye vichwa vya marais, moja moja, kabla hazijaisha.

Halafu siku moja abiria wa kushukia Egerton akamlipa kwa sarafu ya shilingi arobaini. Ni ile ya 2003 yenye picha ya Rais Kibaki, iliyotolewa kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Makanga wengine walikuwa wakiikataa wakidhani ni mchezo. Yeye akatoa shilingi arobaini zake mwenyewe, akatia kwenye hesabu ya gari, na ile sarafu akaitia mfuko wa shati. Hapo hakuiba, na hakumdanganya mtu. Nataka mlione hilo, kwa sababu wengi wetu tunangoja kitu kianze na dhambi ndipo tukiogope.

Mkewe alipokuja kuniona, niliomba nikakae na mumewe nyumbani. Tulikaa mezani saa mbili, yeye na lenzi yake na albamu tatu, na nawaambia ukweli, wapendwa, nami sikuona saa zikipita. Alinionyesha ndururu, ile senti tano yenye tundu katikati ambayo wazee wetu waliipitisha kamba wakaifunga kiunoni. Alinieleza kwamba hata neno pesa tumelitoa kwa Wahindi, kwenye paisa yao, na kwamba ndugu zetu wa Tanzania wanaposema hela wanaitaja heller ya Mjerumani bila kujua. Kabla ya 1920 pesa ya nchi hii ilikuwa rupia. Akaniuliza, “Mchungaji, umewahi kupanda Hyrax Hill?” Nimepita hapo kando ya barabara ya Nairobi maisha yangu yote. Kumbe Mary Leakey alipochimba kilima kile, kuanzia 1937, zilipatikana humo sarafu sita za Kihindi, na moja ilikuwa na umri wa karibu miaka 500. Hapa hapa Nakuru!

Kwa hiyo mtu asitoke hapa akisema mchungaji anapinga sarafu za zamani. Yuko dada aliyenishauri tuzilete madhabahuni, tuzipake mafuta na kuzichoma, ati vichwa vya wafalme wa kizungu vina roho. Dada, nakupenda, lakini hapana. Shaba ni shaba. Mungu ndiye aliyeiweka ardhini. Bwana Yesu mwenyewe aliomba aonyeshwe dinari yenye sura ya Kaisari, akaitazama, akafundisha nayo, na hakuikemea itoke pepo.

Shida yenyewe niliiona alipofika kwenye ukurasa wa 1936. Mwaka huo Mfalme Edward wa Nane alitawala Uingereza kwa muda usiotimia mwaka mmoja, akaacha kiti Desemba. Lakini jina lake lilikuwa limeshapigwa kwenye senti zetu za Afrika Mashariki, zile za tundu. Ndugu yetu alikuwa na senti kumi ya mwaka huo na aliifurahia sana. Kisha akasoma kwamba ziko za aina tatu. Nyingine ina herufi ndogo H, kwa maana ilipigwa kwa Heaton kule Birmingham. Nyingine ina KN, ya kiwanda cha King’s Norton. Nyingine haina herufi yoyote. Sarafu ni ile ile, tundu ni lile lile, mfalme ni yule yule aliyekimbia kiti. Lakini kuanzia usiku ule ile aliyonayo haikuwa tena sarafu aliyoipata. Ilikuwa theluthi moja ya kitu alichokikosa.

Nilimwomba anieleze hilo vizuri, kwa sababu mimi si mkusanyaji. Akafungua albamu mpya aliyoagiza. Ina vishimo vya duara, na chini ya kila kishimo mwaka umeshaandikwa kabla sarafu haijapatikana. Akaweka kidole kwenye kishimo kitupu. “Mchungaji, hizi zilizojaa sizioni tena. Nikifungua, jicho langu linaenda kwa hiki.”

Wapendwa, nililala na maneno hayo. Yule mama wa Luka alitafuta kilichokuwa chake. Nyumba yake ilijua mahali pa ile sarafu, na ilipotoka palibaki pengo la kweli. Ndugu yetu pengo lake lilitengenezwa kiwandani na kuuzwa pamoja na albamu. Alifanywa afiwe na kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho. Na mtu aliyefiwa hulala macho, mnajua. Saa nane za usiku yuko kwenye simu akitafuta wauzaji, mwanga ameufunika kwa blanketi mkewe asiamke. Mhubiri alisema zamani kwamba apendaye fedha haishibi fedha. Mimi nilizoea kuhubiri aya hiyo kwa matajiri. Sikujua kwamba mtu anaweza kukosa kushiba kwa senti kumi ambayo hainunui hata peremende.

Januari akapata alichokuwa akikitafuta kuliko vyote: shilingi tano ya 1973, ile ya pembe tisa iliyotolewa kwa miaka kumi ya uhuru. Muuzaji alikuwa Nairobi. Pesa zilizokuwa nyumbani zilikuwa karo ya muhula wa kwanza ya binti yao. Akazituma kwa M-Pesa, kisha akafuta ujumbe.

Najua wengine mnangoja niseme alitapeliwa. Mnayajua matangazo yanayozunguka kwenye WhatsApp, kwamba shilingi yako ya zamani yenye kichwa cha Mzee inanunuliwa kwa laki kadhaa, tuma kwanza ada ya usajili. Hiyo ni wizi mtupu na msiiguse. Lakini yeye hakutapeliwa. Sarafu ilikuja, na ilikuwa halisi, nimeishika kwa mkono wangu. Karo ndiyo haikuwepo. Binti alikaa nyumbani wiki mbili akiosha vyombo, na baba yake akipita sebuleni kwenda kwenye kabati lenye albamu bila kumtazama usoni.

Nilimwuliza siku ile ilipofika alijisikiaje. Akanyamaza kidogo. Akasema, “Niliiweka kwenye kishimo chake. Ikaingia sawasawa. Nikafurahi kama dakika tano. Kisha nikaona kulikuwa na vishimo vinne kwenye ukurasa huo.”

Nikamwuliza alimwita nani afurahi naye. Hakumwita mtu. Angemwita nani?

Hapo ndipo ninataka tukae, kanisa. Mama aliita majirani. Furaha yake ilikuwa na mlango, watu waliweza kuingia. Bwana Yesu anasema ndivyo ilivyo hata mbinguni juu ya mwenye dhambi mmoja atubuye: furaha haifichwi. Sasa chukua kile unachokitafuta wewe usiku, ukiulize swali moja tu: nikikipata leo, nitamwita nani? Kama jibu ni kufuta ujumbe kwenye simu, si lazima nikwambie zaidi.

Maana sarafu ni za wachache. Wengine wetu ni viatu, na vingine havijatoka kwenye karatasi yake. Wengine ni ploti: ya Bahati haijalipwa ikaisha, tayari umeweka rubuni ya Gilgil. Vijana, nyinyi mnahesabu wanaowafuata mtandaoni, na wa elfu moja alipofika hamkumkumbuka hata jina. Na sisi wachungaji, tusijifiche nyuma ya mimbari. Tunakusanya matawi na vyeo, na bango la kanisa linarefushwa ili jina litoshe. Amina imekuwa ndogo hapo, lakini nimesema.

Wakusanyaji wana kanuni moja ambayo ndugu yetu alinifundisha: sarafu ya kale haioshwi. Ukiisugua ing’ae, thamani yake inashuka. Nilicheka, nikamwambia afadhali sisi hatukukusanywa na mtu wa kanuni hiyo. Akacheka naye. Ilikuwa mara ya kwanza jioni ile.

Tena kuna jambo la yule mjane wa Marko 12. Alitia hazinani senti zake mbili za shaba, na Bwana akasema ametia kuliko wote. Leo sarafu ndogo za shaba za Wayahudi wa nyakati zile zinauzwa duniani kote kwa jina la senti ya mjane. Watu wanazinunua, wanazifunga kwenye kioo, wengine wanazining’iniza shingoni. Labda moja ya hizo ilipita mkononi mwake, labda hapana. Lakini yeye alifungua mkono, na hicho ndicho Yesu alichokiona. Sisi tumeokota sarafu tukauacha mkono.

Kule Pemba, mahali panapoitwa Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000. Zilikuwa zimelala ardhini karibu miaka elfu moja. Aliyezificha alizihesabu, nina hakika. Alijua idadi. Hakurudi kuzichukua.

Sasa mnataka kujua ilivyokuwa kwa ndugu yetu. Sitawadanganya kwamba niliweka mkono kichwani akawa huru kabla ya chai kuiva. Tuliomba, na kweli alilia. Kisha mkewe akasema maneno ambayo sikuyatarajia: hataki albamu ziuzwe. Alisema, “Mchungaji, akizungumza juu ya zile sarafu ndipo anapokuwa yule niliyemwoa. Mimi nataka tu ajue kwamba nasi tuko ndani ya nyumba.” Basi wakakubaliana wao wawili. Ile ya 1973 iliuzwa, kwa hasara kidogo, na binti akaingia darasani wiki ya tatu. Ufunguo wa kabati anao mama. Sarafu itakayokuja kwa chenji ni yake, aiweke. Ya kununuliwa, hapana, mpaka karo ya mwaka iwe imelipwa, na mkewe aone risiti. Jumamosi jioni albamu inafunguliwa mezani watoto wakiwepo. Yule mdogo tayari anajua kutofautisha H na KN.

Ndiyo, KN bado anaitamani. Ameniambia wiki hii tu. Alipata muuzaji, akakaa na simu mkononi, kisha akaamka akaenda kumwambia mkewe kwamba amempata muuzaji. Hawakununua. Wakanywa chai saa nane za usiku.

Jumapili ya mwisho ya mwezi atakuja na albamu moja kwenye shule ya Jumapili, awafundishe watoto habari za rupia na ndururu. Wazazi mkibaki nyuma kidogo hamtajuta. Na kama kuna mwingine mwenye kabati lake, la sarafu ama la kitu kingine, ndugu huyu amesema yuko tayari kukaa nawe. Jumatano baada ya maombi, tutakuwa kwenye chumba cha wazee, mlango wa nyuma. Albamu usiache nyumbani. Njoo nayo, tuitazame.