Usawa na Haki katika Ruzuku ya Mkulima

Watu wengi hudhani kuwa usawa na haki ni kitu kimoja. Mtoto akiwagawia wenziwe wawili ndizi mbili, kila mmoja moja, twamsifu kuwa mwadilifu. Lakini ikiwa mmoja ametoka kula sasa hivi, na mwingine hajala tangu jana, sifa yetu ina haraka. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Swali hili si la watoto peke yao. Limo pia katika hazina ya taifa. Mwaka 2022 mfuko wa mbolea wa kilo 50 uliuzwa nchini Kenya kwa zaidi ya shilingi 6,000. Serikali ilitoa ruzuku, yaani ililipa sehemu ya bei kwa fedha za umma, na mkulima aliyeandikishwa akaupata kwa shilingi 3,500. Mwaka 2023 bei ilishushwa hadi shilingi 2,500. Bei hiyo ilikuwa moja katika nyanda zenye mvua na katika nchi kavu. Usawa ulitimia. Je, haki nayo ilitimia?

Na tufanye hesabu. Tuseme mfuko ulipungua shilingi 3,500. Mwenye shamba kubwa aliyenunua mifuko 40 alipata nafuu ya shilingi 140,000. Aliyenunua mmoja alipata nafuu ya shilingi 3,500. Asiyekuwa na shilingi 2,500 mkononi hakupata kitu. Zaidi ya hayo, katika Kitui na Makueni mvua ni haba na mara nyingi hukatika kabla ya mazao kukomaa. Mbolea katika udongo mkavu haiufai mmea, na fedha ya aliyeinunua hupotea pamoja na mavuno.

Pengine msomaji atajibu kuwa mahindi mengi ya taifa hutoka penye mvua, na mbolea ikiwa rahisi huko, hata mnunuzi wa unga wa Kitui aweza kupata nafuu. Jibu hili lina kweli, nami silikatai. Lakini lathibitisha tu kuwa ruzuku hiyo ni njia ya kuongeza chakula. Halithibitishi kuwa ni msaada wa maskini. Kuitoa si kosa. Kosa ni kumhesabu maskini kuwa amekwisha kusaidiwa.

Mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Kitui iliwagawia wakulima mbegu za ndengu, zao linalostahimili ukame na kukomaa upesi. Hapa kipimo kilianzia katika ardhi ya mpokeaji. Hata hivyo, mbegu nayo ina mtihani wake. Mama ambaye watoto wake wamelala njaa aweza kuipika. Je, tumwite mwizi wa mali ya umma? Mimi sithubutu. Amepewa chakula cha kesho, hali hana cha leo. Mtoaji alipaswa kuuliza kabla ya kupima.

Wakamba wana desturi iitwayo mwethya: majirani hukutana na kusaidiana kazi. Kwa desturi hiyo matuta mengi ya kuzuia mmomonyoko yamechimbwa katika vilima vya Ukambani. Mchimbaji wa matuta hujua kuwa shamba la juu likiachwa bila tuta, maji yake huja kubomoa tuta la jirani wa chini. Basi kumsaidia aliye dhaifu juu ya kilima si sadaka tu; ni kulinda kilima chote. Njaa nayo, ikiachwa katika kaunti moja, haikai huko; watoto huacha shule, na vijana huhamia miji isiyo na kazi.

Huenda siku moja ukakabidhiwa, ewe kijana, orodha ya kugawa mali ya umma. Usitosheke kuona kuwa kila jina limepewa sawa. Uliza kila mmoja alikuwa na nini kabla ya kupewa, na ni nani ambaye jina lake halimo.