Jina la baba katika kitabu cha wengine

Dada yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema kwetu Fizi (siyo yaya wa kulea watoto, ndugu zetu wa Kasulu mtusamehe), yuko Ubelgiji mwaka wa nne sasa. Juzi darasa lake la lugha lilipelekwa matembezi ya siku moja Ypres, mji uliopigwa mizinga katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 mpaka ukabaki kifusi. Picha ya kwanza aliyonitumia, anakula chipsi.

Nilikasirika. Yaya, mtu anakulaje chipsi penye wafu wengi hivyo? Akacheka. Mji ulijengwa upya, watu wanaishi, wanauza chokoleti. Mpaka leo wakulima wakilima wanafukua mabomu, wanayaweka kando ya shamba wanajeshi waje kuyachukua. "Sasa wasile?"

Hapo nikanyamaza. Akanieleza lango linaloitwa Menin. Lina majina zaidi ya 54,000 ya askari wa himaya ya Uingereza waliopotea bila kaburi. Kila siku saa mbili usiku magari yanasimamishwa, tarumbeta inapigwa. Ni hivyo tangu 1928, isipokuwa miaka ile Wajerumani walipoushika mji. Kwa kweli niliona wivu. Vita hiyohiyo Ubelgiji iliipigana huku kwetu pia, mpaka Tabora mwaka 1916, kwa askari Wakongo na wapagazi waliobeba mizigo kichwani. Wengi wa wapagazi wale hawana kaburi wala ukuta.

Halafu wakaenda makaburi ya Tyne Cot. Yako karibu 12,000, na zaidi ya 8,000 ni ya watu wasiojulikana: jiwe linasema tu ni askari, Mungu anamjua. Pale kuna kitabu cha wageni. Yaya akaandika jina la baba, kijiji chetu, na mwaka aliochukuliwa njiani. Mwenzake wa Siria alipoona, akaomba kalamu.

Je, ni haki? Jumamosi nililipeleka swali kwenye kikundi chetu cha vijana. Mmoja alisema ni kumlaza maiti wako nyumbani kwa watu bila kupiga hodi. Mwingine akasema wale wenye mawe yasiyo na jina hawawezi kukataa mgeni. Mama mmoja aliyekuwa anatusikiliza mlangoni akauliza, kitabu kikijaa wanakipeleka wapi? Tukakosa jibu.

Mimi nasimama na yaya, kwa upande huo. Kama jiwe linaweza kusimama kwa mtu asiye na jina, basi na jina linaweza kukaa mahali pasipo na mwili. Wenye makaburi yale walikubali jambo hilo zamani. Hakuiba kitu.

Linalonikaba ni lingine. Baba hatukumwona tena tangu siku ile, na mama hajawahi kusema amekufa. Husema "hajarudi". Kwenye fomu za kambi, kila wanapouliza, anakataa neno mjane, na wahudumu wengine wanadhani hajaelewa swali. Ameelewa sana. Sasa binti yake ameandika jina la mume wake katikati ya wafu bila kumuuliza. Yaya naye ana haki ya kulia, amengoja miaka mingi. Lakini ni nani mwenye baba, mtoto au mke?

Jana mama aliomba aone picha za matembezi. Nilimwonyesha ile ya chipsi. Alifurahi, akasema yaya amenenepa.