Jembe, Nyasi na Pango: Swali la Utakatifu wa Kila Siku katika Bonde la Ufa la Kati

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali moja la kimaadili ambalo fasihi ya Kiswahili imekuwa ikiliuliza kwa njia mbalimbali. Je, utakatifu waweza kukaa katika mambo ya kila siku, yaani katika kulima, kukama, kufagia na kuamkiana, au hauna budi kutafutwa mahali palipotengwa? Swali hili huonekana la kinadharia tu hadi mtu anapolisimamisha Nakuru na viunga vyake, katika eneo ambalo majirani wamewahi kuombeana heri na kisha, katika msimu huohuo, kufukuzana.

Ni vyema kuanza na nadharia, ijapokuwa hatutakaa nayo sana. Durkheim, katika kitabu chake cha 1912, aliigawa dunia ya dini katika sehemu mbili: vitu vitakatifu vilivyotengwa na kuzungushiwa makatazo, na vitu vya kawaida. John Mbiti, mnamo 1969, alishikilia kwamba mgawanyo wa aina hiyo haumfai Mwafrika wa jadi, ambaye dini humfuata shambani, karamuni na mazishini. Okot p'Bitek alimjibu kwa ukali mnamo miaka ya 1970 akidai kwamba wasomi wa namna ya Mbiti walikuwa wakiwavisha miungu ya Kiafrika kanzu za Kiyunani. Ubishi huo haujakwisha, na aghalabu wanafunzi wetu huupokea kama kwamba ni lazima wachague upande. Kwa maoni yetu, wote wawili waliliacha kando swali lililo gumu zaidi: ikiwa utakatifu umeenea katika maisha yote, mbona hauwazuii watu kutenda maovu yaliyo dhahiri?

Lugha yenyewe yatupa pa kuanzia. Kiswahili hutofautisha utukufu na utakatifu. Tukufu hutokana na kutukuka, kwa hiyo dhana yake ni ya kimo: kilicho tukufu kiko juu, nasi tuko chini tukikitazama. Takatifu hutokana na kutakata, na kitenzi hiki ni cha sufuria, cha nguo na cha mbingu baada ya mvua. Anayetakasa ana kazi mikononi. Nayo ibada, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, lina shina moja na neno la mtumwa au mtumishi. Ndiyo maana masheikh hufundisha, Bondeni mjini Nakuru sawa na Lamu, kwamba nia njema yaweza kuigeuza hata kazi ya sokoni kuwa ibada. Katika istilahi hizi mna madai mazito: kwamba utakatifu ni jambo linalotendwa, wala si hali ya kupendeza inayomjia mtu akiwa ametulia.

Kinyume cha madai hayo kipo karibu sana na mji. Kwa miaka mingi waumini wa madhehebu mbalimbali wamekuwa wakishuka katika mapango ya Menengai kufunga na kuomba, wengine kwa siku kadhaa. Menengai ni kasoko pana, mojawapo ya kubwa duniani, na mvuke wake hutoka ardhini bila kukoma. Katika masimulizi ya wenyeji, mvuke huo huhusishwa na roho za mashujaa wa Ilaikipiak walioangamia hapo katika vita vya Wamaasai vya karne ya 19. Tangu 2011 mvuke huohuo umekuwa ukichimbwa kwa ajili ya umeme. Hatuna nia ya kuwadhihaki wanaofunga mapangoni. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kusimama ukingoni akiwaona wakipanda, midomo imekauka na nyuso zimeng'ara, hujiuliza ni kiasi gani cha mng'ao huo kitakachofika sokoni siku ifuatayo, mbele ya mizani ya viazi. Pango lina faida ya kutokuwa na majirani.

Nje ya pango, Bonde la Ufa lina hazina kubwa ya utakatifu wa vitu duni. Mmaasai anaposhika nyasi mkononi hutangaza amani, na nyasi hiyo ni ileile iliwayo na ng'ombe wake. Wakalenjin humvisha mtu wanayemheshimu mtambaa wa sinendet, na maziwa ya kibuyu ni sehemu ya baraka zao. Kwa Wakikuyu, mugumo ni mti wa kuombea. Salamu nazo ni za namna hiyo: anayetamka shikamoo husema, kwa maana ya asili ya neno, kwamba anaishika miguu ya mwenzake. Hakuna hata kimoja katika hivi kilicho adimu. Na tuongeze, kama nyongeza ya kando, kwamba Kiswahili kina neno moja, mwiko, kwa kifaa cha kusongea ugali na kwa katazo lisilovunjwa. Huenda ni sadfa ya sauti tu, lakini ni sadfa inayomfaa mhakiki.

Sasa tulikabili swali letu. Mwaka 1992 Molo na Olenguruone ziliteketea. Januari 1998 ikawa zamu ya Njoro. Januari 2008 ikawa Nakuru na Naivasha, na mwanzoni mwa mwezi huo huko Kiambaa, karibu na Eldoret, kanisa lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo. Nyasi zilikuwapo, maziwa yalikuwapo, na shikamoo ilikuwa imetamkwa asubuhi. Jibu jepesi ni kwamba ishara hizo zilikuwa desturi tupu. Hatulikubali. Zilikuwa na nguvu, ila nguvu yake ilikuwa na mpaka, na mpaka huo ulipita katikati ya mashamba. Aliyekuwa ndani alikuwa mgeni wa baraka. Aliyekuwa nje hakuhesabiwa kuwa amevunjiwa mwiko wowote.

Hapa ndipo riwaya ya Utubora Mkulima ya Shaaban Robert, iliyochapishwa 1968, inapodai kusomwa upya. Wahakiki wengi wameisoma kama sifa ya utu na ya kazi ya mikono: Utubora anaiacha ajira, anashika jembe, na katika kulima anaipata amani ambayo mshahara haukumpa. Katika fasihi yetu ni vigumu kupata mfano ulio bayana zaidi wa utakatifu wa kila siku. Uzuri wake hatuukani. Lakini mgogoro wa riwaya hauko katika hati ya ardhi, na kwa msomaji wa Rongai au Mau Narok pengo hilo ni kubwa. Katika eneo lililokuwa la walowezi, kisha likagawanywa kwa skimu za makazi na kampuni za kununua ardhi, jembe lenyewe ni hoja mahakamani: nimelima, kwa hiyo ni pangu. Utakatifu wa kazi huweza kugeuka kuwa ushahidi dhidi ya jirani.

Waogiek wa msitu wa Mau wanaifanya hoja hii iwe nzito zaidi. Mizinga yao hutundikwa mitini, na uhusiano wao na msitu haukuhitaji kung'oa kisiki. Kwa macho ya jembe, hawakufanya kazi pale. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba kuwafukuza kulivunja haki zao kadhaa, ikiwamo haki ya dini, kwa kuwa ibada yao haitenganishwi na msitu huo. Na tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia. Kwa lugha ya makala haya, mahakama ilitambua kwamba kutundika mzinga nako kwaweza kuwa tendo takatifu, na kwamba tendo hilo lamdai anayeishi jirani nalo, hata kama yeye haombi hivyo.

Tulipokuwa tukiisoma riwaya hiyo darasani, mwanafunzi mmoja ambaye jamaa zake walihama Molo mwaka 1992 aliuliza ni nani aliyelima shamba kabla ya Utubora. Wenzake walicheka, wakidhani ni mzaha. Tulirudi kwenye kurasa za mwanzo, tukazisoma tena kwa sauti tukilitafuta jibu, hadi kipindi kikaisha.