Deni la Kampuni ni Juu ya Nani?

Mtu akimkopesha jirani yake pishi ya mchele, na jirani akafa kabla ya kulipa, kila mtu wa pwani ajua la kufanya. Warithi huitwa, deni likatolewa katika mali ya maiti kabla ya urithi kugawanywa. Na kama hapana mali, wadai huombwa msamaha mbele ya jeneza. Lakini aliyeikopesha kampuni, na kampuni ikafa, jeneza li wapi? Nani atasimama aseme, "Deni hilo ni juu yangu"?

Suali hili lina watu ndani yake. Tunduma ni mji wa mpakani katika mkoa wa Songwe, uliokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ng'ambo yake ni Nakonde ya Zambia. Barabara kuu na reli ya Tazara hupita hapo, na malori hupanga safu yakingoja forodha. Kahawa ya Mbozi, mahindi, maharage na mpunga wa mashamba ya mkoa ule hutoka mikononi mwa mkulima kwenda kwa mchuuzi, kwa mchuuzi kwenda kwa wakala, na kwa wakala mpaka katika maduka makubwa ya mijini. Mwanzo wa njia hiyo pana dhulma moja ijulikanayo na watu wote, nayo ni lumbesa: gunia hushindiliwa likatiwa kilemba juu ya mdomo wake, kisha likalipiwa kama gunia moja. Sheria ya vipimo yaikataza, na watu waendelea nayo. Sura ya Al-Mutaffifin imewalaumu wapunjao, na sifa yao ya kwanza ni kuwa wao wenyewe wakipimiwa na watu hutaka kutimiziwa. Anunuaye kwa lumbesa amwuzie mwenziwe kwa kilo hahitaji kutafutiwa tafsiri ya mbali.

Lakini lumbesa yaonekana kwa macho. Iko punja nyingine isiyoonekana, nayo ni ya muda. Duka kubwa huuza kwa fedha taslimu. Mnunuzi hapewi maharage kwa ahadi. Hulipa mlangoni ndipo akatoka. Lakini yule aliyeyaleta maharage huambiwa angoje siku thelathini, au sitini, au tisini. Basi mali huuzwa katika juma la kwanza, na thamani yake hukaa mkononi mwa kampuni miezi miwili au mitatu, si fedha yake. Kungoja kwenyewe si haramu, maana ni mapatano. Ubaya huingia pale msimamizi anapoitwaa fedha ile akafungulia duka jipya, kisha akategemea mauzo ya duka jipya kulipa deni la duka la zamani. Kwa watazamaji hayo huitwa maendeleo.

Nakumatt ya Kenya ni mfano wake. Asili yake ni duka la magodoro la Nakuru, na jina lake latokana na hayo. Ilikua mpaka ikapita maduka sitini katika Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania, na mwaka 2014 ikatwaa maduka ya Shoprite ya Dar es Salaam na Arusha. Mwaka 2017 rafu zake zikawa tupu, kwani waleta bidhaa walichoka kungoja. Januari 2018 mahakama iliitia chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Madeni yalizidi shilingi bilioni 30 za Kenya.

Wako wasemao ya kuwa dawa ni serikali kuwa mwenye duka. Uchumi ilianzishwa na serikali ya Kenya mwaka 1975. Ikafungwa mwaka 2006, ikafufuliwa, na Oktoba 2015 ikafunga maduka yake ya Uganda na Tanzania, wafanya kazi na waleta bidhaa wakabaki wakidai. Tanzania nayo ilikuwa na mashirika yake ya biashara ya mikoa, na mwaka 1976 katika Operesheni Maduka maduka mengi ya watu yakafungwa ili ya vijiji yashike mahali pake. Wazee wayakumbuka maduka yale kwa foleni zake.

Basi asili ya jambo ni dhima. Sheria za leo zimeipa kampuni dhima yake peke yake: yaweza kumiliki, kushitaki na kudaiwa, na ikifilisika wenye hisa hupoteza walichotia tu. Watu wa pwani hawapaswi kuona ajabu, kwani wakfu wa msikiti nao humiliki nyumba na minazi. Lakini wakfu una mtawalli ajulikanaye kwa jina, na akila kodi ya nyumba ya msikiti husemwa yeye, wala husemwi msikiti. Yapokewa ya kuwa Mtume, sala na salamu zimfikie, aliletewa maiti aliyeacha deni la dinari mbili au tatu, akakataa kumsalia mpaka Abu Qatada alipolichukua. Zilikuwa dinari chache, na maiti ni mtu mmoja tu. Hata hivyo sala ilisimama mpaka apatikane wa kulibeba. Sheria yaweza kumwondolea msimamizi malipo ya deni. Yeye aliyetia sahihi ahadi akijua haitatimizwa, sahihi ile ni ya mkono wake, na mkono si wa kampuni.

Hapa huletwa hoja ya sadaka: kampuni imejenga darasa, imechimba kisima, imelisha yatima. Imam Nawawi katika Minhaj ameona ni haramu mtu kutoa sadaka kile anachokihitaji kwa deni asilotaraji kulilipa. Kisima kilichochimbwa kwa fedha ya maharage ya mtu wa Tunduma ni sadaka ya mtu wa Tunduma, naye hakuulizwa.

Na iko haki kubwa kuliko fedha. Tarehe 28 Januari 2009 duka moja la Nakumatt katikati ya Nairobi liliungua, wakafa watu zaidi ya ishirini. Walionusurika walisema milango ilifungwa ili bidhaa zisiibiwe. Kampuni haikulikubali neno hilo. Lakini hata pasipo kuhukumu, mlango wa dharura hupimwa siku isiyo na moto, na kazi hiyo ni ya msimamizi.

Mchuuzi wa Tunduma hana wakili. Ana daftari lake, na ndani yake jina la kampuni na tarehe ya kulipwa. Kabla ya kupakia gunia la pili, na auandike kando ya jina lile jina la mtu.