Siku Ngapi Zatosha?

Katika safari ya elimu hakuna swali liulizwalo mara nyingi kama hili: "Nitachukua muda gani hata nijue?" Huuliza mwanafunzi wa hesabu, huuliza kijana aliyeanza kushika randa ya useremala, na huuliza yule aliyekusudia kupiga kwa piano utungo mgumu wa zama za Baroki, yaani muziki wa Ulaya wa tangu mwaka 1600 hivi hadi 1750. Tumemchagua huyu wa mwisho awe mfano wetu. Huenda msomaji hajapata kuigusa piano. Hata hivyo swali hili ni letu sote, na linahusu maadili zaidi kuliko kalenda.

Tutazame kwanza ugumu wenyewe. Mwaka 1722 Johann Sebastian Bach, mtunzi wa Kijerumani, alikamilisha kitabu cha kwanza cha Das Wohltemperirte Clavier, chenye jozi 24 za tungo. Kila jozi ina utangulizi na fyugi. Katika fyugi, sauti moja huanza peke yake na kauli fupi. Sauti ya pili huipokea kauli ile ile, na ya kwanza hainyamazi bali huendelea na maneno yake. Kisha huingia ya tatu, pengine ya nne, hata ya tano. Zote hizo hupigwa na mtu mmoja mwenye vidole kumi. Katika nyimbo nyingi tulizozoea, sauti moja huongoza na nyingine huitikia. Katika fyugi hakuna bwana wala mtwana: kila sauti ina haki ya kusikika.

Basi, ni muda gani? Wako watakaojibu majuma, wako watakaojibu mwaka, na wote huweza kuwa wakweli, kwani wanafunzi hawalingani. Lakini jambo moja halibadiliki: kidole hulikariri kosa kama kinavyolikariri lililo sahihi. Aliyepiga kwa pupa mara hamsini amejizoeza mara hamsini kukosea, na sasa ana kazi mbili, kusahau na kujifunza.

Johann Nikolaus Forkel, aliyeandika habari za maisha ya Bach mwaka 1802, ameeleza jinsi mtunzi huyo alivyofundisha. Kwa miezi kadhaa wanafunzi wake hawakupewa ila mazoezi ya vidole, ili kila mguso uwe safi. Na kwa maoni yake ilifaa mazoezi hayo yaendelee miezi sita hadi kumi na miwili. Lakini alipomwona mwanafunzi ameanza kuishiwa na subira, alimtungia vipande vidogo, akayatia ndani yake mazoezi yale yale. Tena aliwapigia kwanza utungo mzima, wapate kusikia unavyopasa kuwa. Ndugu mwalimu, zingatia jambo hili: Bach hakuifupisha njia, wala hakumdharau aliyechoka njiani.

Hapa atatokea mtu aseme: "Subira ni ya wenye nafasi. Mwanafunzi wetu ana mtihani mwezi Novemba, na jioni ana maji ya kuteka." Hoja hii ni nzito. Muda ni mali, nayo haikugawanywa kwa usawa. Walakini subira tuisemayo si wingi wa saa. Mwenye nusu saa kwa siku, akaitumia kwa mistari miwili tu, sauti moja moja, polepole hata asikosee, huyo amesubiri kweli. Mwenye mchana kutwa, akaukimbiza utungo mzima kila mara na kosa lake likabaki pale pale, hakusubiri hata kidogo. Wahenga waliponena kwamba mvumilivu hula mbivu, hawakumwambia mtu alale chini ya mwembe asioupalilia.

Sisi wenyewe tumeonja matunda ya pupa. Tulipokuwa makarani vijana tuliombwa shairi la kumuaga mzee mmoja aliyekuwa akistaafu. Tulikwisha jua kuhesabu mizani kumi na sita na kulinganisha vina, maarifa ambayo mtu huweza kuyapata kwa juma moja. Tukalimaliza kwa usiku mmoja. Mizani haikupungua hata moja. Baada ya sherehe mzee yule alitushukuru, kisha akatuuliza kwa upole ubeti wa tatu ulikuwa na maana gani. Hatukuwa na jibu. Neno tulilolifungia ubeti tuliliweka kwa ajili ya kina tu. Aibu ile tunayo hadi leo, nasi twaishukuru.

Kwa hiyo twamshauri mwanafunzi asiulize kila jioni zimebaki siku ngapi. Na ajiulize: leo nimesikia nini ambacho jana sikukisikia? Akiweza kuipiga sauti moja ya fyugi barabara, na kuisikia hata pale ya pili inapoingia, kazi imekwisha anza, na siku zilizobaki hazitapotea.