Pimeni Kanga Kabla Haijambeba Mtoto

Ndugu zangu, nguo ni amana. Mtoto akizaliwa, baada ya mikono ya mkunga hupokewa na kanga. Atabebwa kwa kanga, atafutwa jasho kwa kanga, na akiwa mgongoni kwa mama yake, jua kali na titi liko mbali, atashika ncha ya pindo na kuinyonya mpaka ilowe mate. Mtazameni mtoto huyo. Rangi iliyo mdomoni mwake nani ameipima?

Nauliza kwa uchungu kwa sababu hatari hii si habari mpya. Mwaka 1895 daktari mpasuaji wa Frankfurt, Ludwig Rehn, aliwaeleza madaktari wenzake kuhusu uvimbe wa kibofu cha mkojo alioukuta kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi ya fuksini. Watu wale waliivuta sumu kwa pua na kuipokea kwa ngozi, siku baada ya siku, wakitafuta riziki. Baadaye ikathibitika kwamba benzidini na ndugu yake naftilamini-2, kemikali za familia ya amini za aromati, husababisha saratani ya kibofu. Hata hivyo karibu karne nzima ilipita kabla Ujerumani, mwaka 1994, haijapiga marufuku rangi zinazoweza kuachia amini hizo kwenye nguo zinazogusa mwili. Umoja wa Ulaya ulifuata mwaka 2002. Huko sheria inataja amini 22, na ukomo ni miligramu 30 kwa kilo ya nguo, yaani uzito wa punje moja au mbili za mchele. China imeshuka zaidi, hadi miligramu 20. India, zinakochapwa kanga nyingi tunazojifunga, ilikataza rangi 112 za aina hiyo katika miaka ya 1990.

Basi dunia inajua. Na sheria ya Ulaya imetaja waziwazi nguo inayogusa ngozi au kinywa kwa muda mrefu. Je, ipo nguo inayogusa ngozi na kinywa kwa muda mrefu kuliko mbeleko?

Tuwe waadilifu katika kusema. Rangi za azo, familia zinakotoka rangi hizo zilizokatazwa, ni zaidi ya nusu ya rangi zote za viwandani, na nyingi kati yake hazina kosa. Ubaya uko kwa zile ambazo kifungo chake cha nitrojeni kikikatwa hubaki amini zenye saratani, na kifungo hicho kinaweza kukatwa na bakteria wa ngozini na wa utumboni, hata na ini letu wenyewe. Nyekundu iliyo salama na nyekundu yenye benzidini zinang'aa sawasawa kwenye kamba ya nguo. Huwezi kuzitofautisha kwa kuangalia, wala kwa kunusa. Ukiifua na isichuje, bado hujajua lolote. Neno la muuzaji halitoshi, na cheti kilichokuja na shehena hakitoshi. Mfumo wa tahadhari wa Ulaya, Safety Gate, mpaka sasa unaendelea kutaja nguo na bidhaa za ngozi zilizonaswa na amini hizi, miaka mingi baada ya marufuku. Kama zinanaswa kule kwenye wapimaji wengi, hapa kwetu zinapita ngapi?

Ingieni nami maabara, mwone mahali ukweli unapopatikana na mahali unapopotea. Gramu moja ya kitambaa inakatwakatwa vipande vidogo na kutiwa kwenye chupa. Inamiminiwa mililita 17 za bafa ya sitreti iliyopashwa moto hadi nyuzi 70, inaachwa nusu saa. Kisha zinaongezwa mililita 3 za haidrosalfaiti iliyoyeyushwa, chupa inatikiswa kwa nguvu na kurudishwa kwenye moto kwa nusu saa nyingine. Haidro inafanya hadharani kile ambacho mwili ungekifanya kwa siri: inaikata rangi. Chupa inapozwa ndani ya dakika mbili. Maji yake yanamiminwa kwenye mrija uliojaa udongo wa diatomu, yanasubiriwa robo saa, yanapitishiwa etha ili amini zitoke nayo, na etha inavukizwa hadi ibaki kama mililita moja. Ndipo tone dogo linapoingia kwenye mashine ya kromatografia kusomwa.

Akina mama wanaotengeneza batiki wanaifahamu haidro kwa harufu yake kabla kopo halijafunguka vizuri. Wanaichanganya na kostiki soda kwenye beseni, na wanajua kwamba kopo likiachwa wazi, unga unachoka na rangi haikolei. Haidro iliyochoka ikiingia maabara, rangi haikatiki, amini hazitoki, na kitambaa chenye sumu kinapewa cheti kisafi. Etha nayo ikiachwa ikauke kabisa kwa sababu fundi ameitwa nje dakika tano, amini nyepesi zinaondoka nayo. Mashine ya mwisho, hata iwe ya bei gani, itasoma kwa uaminifu kabisa kitu ambacho hakipo tena.

Hapa ndipo ninapotaka kuwashika mkono, enyi mnaosimamia maabara na mnaogawa fedha zake. Mnapenda mashine ya kromatografia. Mnaizindua, mnakata utepe, mnapigwa picha mbele yake. Halafu sampuli za kuilisha anaziandaa fundi sanifu mmoja, amesimama tangu asubuhi mbele ya kabati la kufyonza hewa, mrija huku, saa kule, etha inampanda kichwani. Anaweza kuandaa ngapi kwa siku? Chache. Na kwa kuwa ni chache, mnawapimia wanaolipa, yaani wauzaji wa nje wanaohitaji cheti cha Hamburg au Rotterdam. Nguo ya kwenda Ulaya inapimwa. Ya kushonwa sare ya mtoto wa Buguruni inasubiri. Huo si upungufu wa sayansi. Ni dhulma, na vitabu vyote tunavyoviapia vinaikataza mizani ya namna hiyo.

Dawa yake ipo. Leo kuna mashine za kuandaa sampuli zenye mkono wa roboti unaosafiri kwenye reli. Vichupa vinapangwa kwenye trei. Mkono unachoma kifuniko kwa sindano, unatia bafa, unapeleka kichupa kwenye joto, unarudi na haidro kwa wakati wake, unatikisa, unapoza, unatia etha, unasubiri tabaka mbili zitengane, unanyonya la juu na kuliingiza moja kwa moja kwenye kromatografia. Kila kichupa kinapata dakika zake 30. Si 27, si 41. Cha kumi kinatendewa kama cha kwanza. Vichupa ni vidogo, kwa hiyo etha inayotumika inapungua, na mapafu ya fundi yanapumzika. Usiku ukiingia, fundi yuko kwake na watoto wake, kazi haijasimama. Ila iwekwe sharti wala lisilegezwe: kabla ya kuaminiwa, matokeo yake yalinganishwe na njia ya kiwango cha ISO 14362-1, kwa vitambaa ambavyo yaliyomo yanajulikana.

Najua wapo watakaosema roboti inakuja kumnyang'anya kijana kazi. Hapana! Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na kila rangi ni shitaka lake peke yake. Roboti haijui pindo. Anayejua kwamba nyeusi ya pindoni ikatwe hapa na nyekundu ya mjini ikatwe pale ni mtu, tena mtu mwenye jicho na dhamiri. Anayeona matokeo mabaya na kuyathibitisha kwa njia ya pili kabla ya kumharibia mfanyabiashara jina, ni mtu. Mwondoeni kwenye mvuke, mpeni kazi ya akili aliyosomea.

Na ninyi wafanyabiashara wa vitenge na kanga, msiiogope mashine hii. Mwogopeni mtu anayewauzia jora kwa bei ya chini bila kuwatajia rangi iliyotumika. Mdaini karatasi ya vipimo kutoka kiwandani, kisha ipelekeni gramu ile moja ikapimwe hapa kabla bandari haijaachia kontena. Nanyi akina mama mnaochovya ukili na batiki, vaeni glavu, na mkatae pakiti ya unga isiyo na jina la rangi, hata iwe nusu bei.

Waheshimiwa wabunge, Juni bajeti itasomwa tena. Fungu la maabara likifika mbele yenu, msilipitishe kwa kugonga meza. Ulizeni kwa sauti: mwaka huu zimepimwa kanga ngapi zinazouzwa humu ndani? Vitenge vingapi? Sare za shule ngapi? Mkijibiwa kwamba mashine ya kusoma ipo lakini hakuna wa kuilisha, dai lenu mnalo: inunuliwe ya kuandaa, mafundi wapelekwe mafunzoni, na matokeo yatangazwe kwa jina la jora na jina la aliyeliingiza.